Kukamua Chini Kwanza

Yule nesi alikuwa na desturi ya kupoza mikono. Kabla hajamgusa mwanamke yeyote aliikumbatisha kwenye mtungi wa maji uliokaa kivulini nyuma ya pazia, akaiacha pale mpaka ipoe, maana Garissa hata kiganja cha mtu huweza kuunguza kama kifuniko cha sufuria. Kisha aliifuta kwa aproni yake na kusema, "Haya, mama, sasa naweza kukaribia."

Nimebuni watu wengi tangu nianze kuandika, na kila ninapotaka kumpa mmoja wao wema, najikuta nimempa mikono ile.

Siku hiyo tulikuwa tumempeleka mdogo wangu aliyekuwa na kikohozi. Ilikuwa miaka ya vita, muda mfupi baada ya uhuru, upande wetu wa nchi ukiwa chini ya hali ya hatari. Hukuweza kutoka mjini bila kibali, na hukuweza kusafiri ila kwa msafara wa magari yaliyolindwa na wanajeshi. Baba alikuwa na ngamia wetu wengi upande wa Modogashe, ambako wenye mifugo walikuwa wameamriwa kukaa karibu na kituo, na habari zake tulizipata kwa madereva wa malori. Mama alibaki mjini na ngamia wachache wa kukamua. Aliuza maziwa sokoni katika vyombo vya kufuma alivyovifukiza moshi mwenyewe, na kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu, mimi niliyekuwa shule nilikuwa mdomo wake kila mahali palipokuwa na meza na mtu wa serikali nyuma yake.

Nesi alimsikiliza mtoto kifua, akampa dawa, kisha badala ya kutuaga akamwonyesha mama lile pazia.

"Na wewe, mama."

"Mimi hapana mgonjwa," mama akasema.

"Vizuri. Wasio wagonjwa ndio ninaowataka."

Alifanya hivyo kwa kila mwanamke aliyeingia, awe amekuja kwa jino au kwa mtoto wa jirani. Alimpapasa matiti, moja baada ya jingine, polepole, akitazama ukuta kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mwenye mwili mkubwa na sauti ya chini, na wanawake wa Garissa walikuwa wakimcheka na kumwendea.

Mimi nilisimama upande wa pili wa pazia nikimshika mdogo wangu. Nilimsikia mama akisema, "Wallahi, mkono yako baridi kama kisima," na nesi akacheka. Kisha kicheko kikakatika. Nikaitwa ndani.

Nesi alikuwa amekishika kidole cha mama na kukiweka mahali fulani upande wa titi la kushoto. "Mwambie abonyeze hapo mwenyewe. Asiogope."

Mama alibonyeza. Alinitazama, akaniambia kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu alichokiona njiani, "Kuna kokwa la tende hapa."

"Mwulize kama linauma."

Haliumi, mama akasema, na kwa kuwa haliumi akaanza kujifunga garbasaar yake, ile shali kubwa ya mabegani.

"Lingekuwa linauma ungekuja mwenyewe bila kuitwa," nesi alisema. "Sikiliza, binti, umwambie sawasawa, usiongeze wala usipunguze. Sisemi ana ugonjwa. Mikono yangu haijui ni nini, inajua tu kuna kitu. Wanaojua wako Nairobi. Watakata kipande kidogo na kukitazama kwa kioo kinachokuza. Nitamwandikia barua, nitamsemea kwenye ofisi apate kibali. Lakini aende."

Nikamwambia mama. Mama akaniuliza, "Anasema mimi ni mgonjwa?"

"Anasema hajui."

"Basi huyu ni mtu mkweli," mama akasema, akamwekea nesi mezani maziwa aliyokuwa ameyabakiza kwa ajili ya chai yetu.

Angekwenda. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie mama kuwa alikataa. Alikubali siku ile ile. Kilichotuchelewesha kilikuwa upendo wa dada yake.

Habaryar, yaani mama mdogo, alikuwa maarufu kwa moto. Kwetu uvimbe huchomwa. Ngamia akivimba goti huchomwa, mtoto akiwa na wengu huchomwa tumboni, mzee akiumwa mgongo huonyesha kovu na kukutajia aliyemchoma, kwa shukrani. Habaryar alikuwa na kijiti chake cha mgunga alichokipasha kwenye makaa mpaka ncha iwe nyekundu, na alikuwa na mkono mwepesi mno hata watoto walilia baadaye tu, walipokumbuka.

"Unakwenda Nairobi na kitu hicho hivyohivyo?" alimwuliza mama.

"Nesi amesema nikipeleke."

"Ukipeleke, nani amekukataza? Lakini njia ni ndefu. Kitakua njiani. Mimi nakizungushia moto tu, kisitembee. Daktari wa huko akikuta kimetulia atakushukuru."

Mama alilala kwenye mkeka mchana ule, akang'ata pindo la garbasaar, na habaryar akamchoma alama kulizunguka lile kokwa kama mtu anayejenga ua wa miiba kuzunguka mbuzi. Alifanya hivyo kwa moyo uleule wa mtu anayefagia kabla mgeni hajaja. Sisi sote tuliona tumemsaidia daktari kazi.

Kibali kilipotoka, tulipanda lori la mizigo mimi na mama, mdogo wangu akabaki kwa habaryar. Wanajeshi walikuwa mbele na nyuma. Tulipofika daraja la mto Tana tulishushwa tukapekuliwa, wanaume huku, wanawake kule, na mama akashika kifua chake kwa mkono mmoja muda wote kwa sababu ya maumivu ya moto. Askari kijana akamwuliza ameficha nini. Nikasema ni kidonda, tunakwenda hospitali. Alitutazama, akageuza uso, akasema tupite. Sijui alitoka wapi. Nilimwombea dua siku ile na bado namwombea.

Nairobi tulifikia kwa jamaa zetu mtaa wa Isli. Katika hospitali kubwa tuliketi kwenye benchi refu pamoja na wanawake wa kila kabila, na mama, aliyekuwa hajawahi kuona ngazi ndani ya nyumba, alinishika mkono kila tulipopanda.

Daktari alikuwa Mhindi mwenye mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. Mama aliniambia nimwulize kama hakuna mwanamke.

"Mwanamke daktari hapana," alisema. "Sista atasimama hapa. Na wewe simama hapa. Mimi ni mzee, mama, mimi ni babu ya watu."

"Mwambie babu ya watu atazame haraka," mama akasema.

Mama alipofunua shali, daktari aliinama. Aliyatazama yale makovu mabichi, mengine bado yana maji. Alijaribu kupapasa kandokando, mama akavuta pumzi kwa meno. Daktari akarudi nyuma, akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amefanya hii?"

"Dada yake," nikasema. Mama, aliyefahamu swali, akaongeza kwa fahari, "Mkono yake nyepesi sana."

"Naona. Kazi safi." Akaniita karibu. "Mwambie hivi. Hapa sasa kuna uvimbe wa moto na pengine kuna uvimbe mwingine chini. Mimi siwezi kujua upi ni upi. Na nyama iliyoungua siwezi kukata, itaoza. Lazima ipone kwanza. Halafu arudi. Mwambie dada yake mimi nimeona kazi yake. Sasa aniachie na mimi yangu."

Nikamfasiria, mama akajifunga shali. Kisha akauliza, "Tumetoka Garissa, tumepita wanajeshi wote wale, na hakuna alichokitazama?"

"Atatazama ukirudi."

"Basi tumekuja kumsalimia," mama akasema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka daktari naye akatabasamu bila kujua anachekea nini. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba kicheko kile kilikuwa karibu sana na kilio, na kwamba alikigeuza njiani kwa ajili yangu.

Tukarudi nyumbani.

Moto ulipona. Makovu yakawa magumu, yakang'aa, na mama alipobonyeza hakusikia tena kokwa. Habaryar alipapasa, majirani wakapapasa, kila mwanamke akapitisha kidole na kusema alhamdulillahi. Habaryar akachinja mbuzi. Tulikula, na nilimwona mama akila kwa raha, nami nikafurahi. Lilikuwa limekwisha. Kila mtu alisema limekwisha.

Wakati huohuo barabara iliharibika zaidi. Watu walizungumza habari za mabomu yaliyozikwa njiani. Lori moja la mtu tuliyemfahamu halikurudi. Misafara ikawa michache, na kibali kilitaka mtu awe na sababu. Mwanamke aliyepona alikuwa na sababu gani?

Ni nesi peke yake aliyekataa kusherehekea. Alianza kuja sokoni kununua maziwa kwetu, yeye ambaye tulijua hakuwa ameyazoea maziwa ya ngamia. Alisimama mbele ya vyombo vya mama, akanunua kikombe, akanywa na kukunja uso kama mtoto anayepewa mwarobaini.

"Daktari alisema urudi lini, mama?"

"Yeye nasema moto ikipona."

"Imepona?"

"Imepona. Na ile kitu pia iko pona."

"Nani amesema?"

Mama alionyesha kwa kidevu soko zima, kila mwanamke aliyekuwa amempapasa. Nesi akamaliza maziwa yake, akarudisha kikombe. "Kovu ni gumu kama ngozi ya kiatu. Hata mimi sasa siwezi kusikia kitu chini yake. Kutosikia si kutokuwepo. Kesho nitakuja kunywa tena."

Na kesho yake akaja. Wanawake wenzake mama walianza kumtania. "Mkamba wako amekuja kunywa dawa," walisema, na mama alicheka, lakini niliona kwamba alikuwa ameanza kumsubiri.

Uamuzi ulikuja asubuhi moja wakati wa kukamua, na haukutoka kwa nesi wala kwangu. Tulikuwa na ngamia mmoja mweupe ambaye kiwele chake kilikuwa kimevimba majuma machache kabla, upande mmoja, na sasa kilikuwa kimelainika. Mama aliinua mguu wake mmoja kama wanavyosimama wakamuaji wetu, chombo kikiwa juu ya goti, na habaryar alikuwa upande wa pili. Mama aliyaelekeza maziwa ya titi la upande ule kwenye kiganja cha mkono wake kwanza. Akayatazama, akayanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Kisha akalikamua titi lile lote mchangani.

"Kiwele kimepona hicho," habaryar akasema. "Unamwaga riziki."

"Kimelainika. Sijui kama kimepona."

"Hakina joto, hakina uvimbe."

"Jana maziwa yalikuwa na mabonge. Leo hayana. Nitamwaga leo, na kesho nitatazama tena, na kesho kutwa, mpaka niwe na hakika. Wewe ungewapa watoto leo?"

"La," habaryar akasema. "Hata mimi nisingewapa."

Mama alisimama pale na mguu wake juu, chombo juu ya goti, mchanga ukinywa maziwa mbele yake. Nilikuwa nimeshika kamba ya ndama. Ninakumbuka jinsi jua lilivyokuwa limeanza kupanda nyuma ya miiba ya boma.

"Basi na mimi," akasema, "bado niko kwenye kukamua chini."

Habaryar alielewa kabla yangu. "Wewe mwanamke, usinitie hofu. Barabara ina mabomu. Ukifa njiani kwa kitu ambacho hakipo?"

"Na nikifa hapa kwa kitu kilichopo?"

"Mimi nilikichoma."

"Ulikichoma, dada yangu, na Mungu akulipe. Lakini hakuna aliyekiangalia tangu hapo."

Habaryar alivuta shali yake usoni. Walikuwa wameachiana ziwa moja, yeye na mama. Baadaye, akifunga vyombo, alisema bila kumtazama, "Utataka tende za njiani."

Ilibaki idhini ya baba. Mama alimtumia ujumbe kwa dereva wa lori la Modogashe, na tukangoja. Dereva aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye vyombo vyetu sokoni, akaketi, akaomba maziwa, akanywa yote kwanza.

"Haye?" mama akasema. "Amesema nini?"

"Amesema maneno mengi, mama. Mumeo ni mtu wa maneno. Alinitembeza mpaka kwenye ngamia, akaongea, tukarudi, akaongea. Nimeyasahau mengi njiani."

"Sasa umeleta nini?"

"Yote yalikuwa na maana moja. Nenda." Akajifuta mdomo. "Na amesema usije ukampa daktari ngamia yule mweupe kwa furaha."

Mama aliinama akajifanya anapanga vyombo. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona mabega yake yakitikisika, na mara hii sikuhitaji kuwa mkubwa ili nielewe.

Nesi alitusemea ofisini. Alisimama mbele ya karani mpaka kibali kikatoka. Safari ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, kwa sababu magari yalisimama kila mara na wanajeshi wakatangulia kwa miguu kutazama ardhi. Mama alisoma alichokijua cha Kurani, akarudia, akarudia. Alinipa tende moja moja, na kila mara alipokea kokwa mkononi mwangu na kulitupa nje ya lori mwenyewe.

Daktari alimkumbuka. "Dada yako ameniachia kazi?"

"Amekuachia," mama akajibu mwenyewe, "lakini yeye nasema fanya vizuri."

Alikata kipande kidogo chini ya kovu. Kokwa lilikuwapo. Lilikuwapo muda wote, chini ya ule ugumu, wakati tunakula mbuzi. Akatwambia tusirudi Garissa, tukae Isli, tuje tena majibu yakiwa tayari. Jamaa zetu walisema hospitali zina desturi ya kukuita bure. Mama aliwasikiliza kwa adabu, na siku tuliyoambiwa alikuwa ameamka, amenisuka nywele na kuvaa kabla yangu.

Daktari alitukaribisha tuketi. Aliongea nami kama anavyoongea na mtu mzima, nami nikajaribu kuwa mmoja. Alisema ni saratani. Alisema bado ni ndogo, na hakuona mahali pengine palipoguswa. Alitaka kuliondoa titi lile lote, mapema, na baada ya hapo mama awe anakuja kutazamwa, hata akijiona mzima. Alilirudia hilo la mwisho.

Nilimgeukia mama. Katika lugha yangu sikuwa na neno laini la kitu kile. Nikakumbuka nesi alivyoniambia, usiongeze wala usipunguze, nikalisema lilivyo.

Mama alitazama mikono yake. Nje ya dirisha mtu alikuwa akikata nyasi kwa panga.

"Kushoto," akasema hatimaye. Kisha akanigeukia, akaniita kama wanavyotuita mama zetu, kwa jina lao wenyewe, yaani mama: "Hooyo, wewe ulikuwa unapenda la kushoto. La kulia ulikuwa unaling'ata."

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Sikuweza kufasiri. Mama akamjibu kwa Kiswahili chake, "Nasema sawa. Toa."

Titi lilitolewa, akapona, tukarudi Garissa naye akiwa amekonda na shali imefungwa kwa namna mpya. Baba alipata ruhusa ya kuja. Alikaa siku chache, hakusema maneno mengi hata kidogo, alimkatia mama nyama vipande vidogo kama mtoto. Hayo nayo yalikuwa maneno.

Vita vilikwisha, barabara zikafunguliwa, na mama aliendelea kwenda Nairobi kutazamwa kila alipoambiwa aende. Ngamia wamepungua, wengine tuliwapoteza wakati wa njaa, lakini yeye yupo. Ninapoandika haya anakaa karibu na dirisha na kuniuliza naandika nini muda wote huu, na nani atanilipa.

Lakini ninachotaka kukihifadhi zaidi ni asubuhi moja baada ya kurudi kwetu kutoka Nairobi. Mama alijaza chombo chake kizuri kabisa maziwa ya ngamia yule mweupe, yaliyokwisha kuwa safi, akakipeleka kwa nesi. Hakwenda peke yake. Alimvuta habaryar kwa mkono, na habaryar alikuwa akilalamika njia nzima kwamba yeye si mgonjwa, ana kazi nyumbani, na hajui Kiswahili.

Nesi alipokea maziwa, akanywa palepale, na hakukunja uso. Kisha akamtazama habaryar, yule wa kijiti cha moto, kwa muda mrefu kidogo. Nilidhani atamwambia kitu. Alimwonyesha pazia tu.

Habaryar aliingia. Tulisikia mikono ikiwekwa kwenye mtungi, maji yakitikisika. Mama alinishika bega.

"Mwanangu," habaryar akaita kutoka ndani kwa Kisomali, "mwambie huyu mwanamke mikono yake ni mizuri, lakini wallahi ni baridi."

Nikamwambia. Nesi akacheka, na kicheko chake mara hii hakikukatika.